Niuze mikorosho ya mama nikasome uzamili wa usalama wa kimataifa?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 28, nimeolewa na mwalimu wa shule ya msingi, na tuna binti wa miaka mitatu. Kwetu ni Masasi, mkoa wa Mtwara. Nilimaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa na utawala mwaka 2021, na tangu 2022 nimeajiriwa na shirika dogo linalofanya kazi katika vijiji vya kando ya Mto Ruvuma. Nakaa na kamati za vijiji, naandika taarifa, nafuatilia malalamiko ya watu waliopoteza mali au ndugu tangu vurugu za Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, zianze ng'ambo.

Mama, jambo hili kwangu si la vitabuni. Oktoba 2020, watu wenye silaha walipovuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, shangazi yangu alikuwa ameolewa huko. Alikimbia usiku na kanga mbili na redio ndogo ya betri. Baadaye nilimuuliza kwa nini aliacha sufuria akabeba redio. Akanijibu kwamba alitaka kusikia kama wangetajwa. Tangu siku hiyo nimetamani kuwa miongoni mwa wanaoandaa maamuzi ya ulinzi na amani, nisiwe wa kuyasikia tu redioni.

Sasa nimepata udahili wa shahada ya uzamili ya usalama wa kimataifa katika chuo kimoja Uingereza, mwaka mmoja, kuanzia Septemba. Ada peke yake ni pauni 26,000. Ukijumlisha fedha za kujikimu, viza na nauli, ni zaidi ya shilingi milioni 120. Mama yangu ana shamba la mikorosho ekari 14 na kiwanja Masasi mjini. Mjomba, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, ameshapata mnunuzi wa vyote viwili, na mume wangu yuko tayari kukopa benki kiasi kitakachopungua. Mama amekubali bila kusita, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kaka yangu amegoma. Anasema mikorosho inatulisha kila msimu, hiyo karatasi hatujui itatulisha lini.

Wakala aliyenitafutia chuo anataka malipo ya awali ndani ya wiki tatu, la sivyo nafasi itapotea. Nilipomuuliza kuhusu mtoto, alisema nitangulie, atanifuata baadaye. Kiingereza changu kinatosha, mtihani nimefaulu. Lugha nyingine sina, labda Kiswahili na Kimakonde tu.

Naomba uniambie ukweli. Je, tuuze? Je, shahada hii itanifikisha Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika au Wizara ya Mambo ya Nje? Na nikiacha, nitawaambia nini watu walioanza kuniaga?

Mwenye Mikorosho, Masasi

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama kwenye redio ya shangazi yako. Mpe pole yangu.

Msiuze. Mwambie mjomba, kwa heshima zote anazostahili, kwamba mnunuzi ashukuriwe na arudishiwe neno lake. Na ile fedha ya awali usiilipe wiki hii wala ijayo. Hamu yako naiona ni ya kweli na sitaki uiache. Ninachokikataa ni njia uliyoonyeshwa, na nitakueleza kwa nini.

Nianze na mtoto, maana hapo umedanganywa. Tangu Januari 2024, Uingereza hairuhusu mwanafunzi wa kigeni wa uzamili wa kawaida wa darasani kwenda na mwenza wala mtoto. Waliobakiziwa mlango ni wanaosoma programu za utafiti na wanaosomeshwa kwa ufadhili wa serikali. Wewe unayejilipia kwa fedha ya shamba humo, uko nje. Huyo binti asingekufuata "baadaye". Angekaa mwaka mzima bila mama, na wewe ungeyajua hayo ukiwa umeshauza. Mawakala wengi wa vyuo hulipwa kamisheni na chuo pale mwanafunzi anapojiandikisha. Kulipwa si kosa, ila ujue mshahara wake unatoka wapi unapomsikia akikuhimiza.

Hesabu yako ya fedha iko karibu na ukweli, ila iangalie tena. Pamoja na ada, wanaotoa viza watataka kuona fedha ya kujikimu ya miezi tisa, zaidi ya pauni 1,100 kwa mwezi hata kama chuo kiko nje ya London, ikiwa imekaa benki siku 28 mfululizo. Kuna na ada ya huduma za afya, pauni 776 kwa mwaka, inayolipwa kabla hujapanda ndege. Mkopo wa mume wako ungemezwa na haya madogo madogo kabla hujafungua daftari.

Sasa swali lako kubwa: itakufikisha?

Yenyewe peke yake, hapana. Nafasi ya ngazi ya chini kabisa ya kimataifa katika Umoja wa Mataifa, ile wanayoiita P-2, kwa kawaida hutaka uzamili pamoja na uzoefu wa miaka miwili, au shahada ya kwanza yenye miaka mingi kidogo ya kazi badala ya uzamili. Kwa hiyo miaka yako minne ya Ruvuma tayari inahesabika. Programu yao ya vijana, YPP, hutazama shahada ya kwanza na umri usiozidi miaka 32, na nchi huingizwa kwenye orodha mwaka hadi mwaka. Chungulia kila mwaka kama Tanzania imo. Wizarani kwetu, Ofisa Mambo ya Nje anayeanza kazi huajiriwa kwa shahada ya kwanza kupitia Sekretarieti ya Ajira, kwa usaili wa kuandika na wa mahojiano. Uzamili humsaidia mtu kupanda akishakuwa ndani.

Na wakati huu mlango umebana. USAID, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa rasmi Julai 2025, na mashirika mengi ya amani yaliyoishi kwa fedha ile yamepunguza watu. Umoja wa Mataifa nao unakata nafasi. Maana yake ni kwamba utakaposhuka uwanja wa ndege na cheti chako, utasimama foleni moja na watu wenye cheti kama hicho na miaka kumi ya kazi, nao wanatafuta ajira. Ukiwa na deni, huna muda wa kusubiri. Utachukua kazi yoyote itakayokuja, na Ruvuma itabaki nyuma.

Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kazi hii kuliko darasa lolote. Mwaka 1999 nilikuwa karani wa kumbukumbu katika mazungumzo ya amani ya Burundi pale Arusha. Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuwa msuluhishi mpaka alipofariki Oktoba mwaka ule. Mandela akapokea, na mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Usiku mmoja kikundi kidogo kilikwama kwenye sentensi moja juu ya wakimbizi kurudi na kupata mashamba yao. Rasimu ya Kifaransa ilisema hivi, ya Kiingereza ikasema vile. Saa nane usiku, chai imepoa, wataalamu wanne wenye shahada kubwa wanabishana kuhusu "ardhi" na "mali". Aliyewakwamua ni mama mmoja mfasiri aliyewahi kufanya kazi kambini Kigoma. Aliomba ruhusa ya kusema, akaeleza kwamba wakimbizi wenyewe, kwa Kirundi, hawasemi "ardhi". Wanasema itongo, yaani shamba la ukoo, pale babu alipozikwa. Ukimpa mtu kipande kingine popote, hujamrudishia itongo. Meza nzima ikanyamaza, halafu wakaanza kuandika upya. Mimi niliandika mpaka mkono ukafa ganzi.

Yule mama hakuwa na shahada ya usalama wa kimataifa. Sisemi shahada haina kazi. Wale wanne walijua namna ya kuliingiza lile neno katika ibara ya mkataba, na yeye asingeweza. Lakini bila yeye wangeandika mkataba wa nchi isiyokuwepo.

Ndiyo maana uliponiandikia "labda Kiswahili na Kimakonde tu", nilitamani ningekuwa karibu nikushike mkono. Mwanangu, hilo "tu" lifute. Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma, kwetu Mtwara na ng'ambo uwanda wa Mueda. Pwani ya Cabo Delgado wanazungumza Kimwani, na ukikisikiliza kwa utulivu utashika mengi kwa Kiswahili chako. Tangu shambulio la kwanza la Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, wachambuzi wamekuwa wakiandika kuhusu eneo lile wakiwa Maputo, Johannesburg na London, wengi wao kupitia wakalimani. Wewe unaweza kukaa na mama aliyevuka kwa mtumbwi ukamsikia bila mtu kati. Kiswahili chenyewe SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ilikifanya lugha rasmi ya nne mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi Februari 2022.

Kinachokupungukia ni Kireno. Ofisi za Msumbiji zinaandika Kireno, na ni lugha ya kazi SADC na Umoja wa Afrika pia. Anza mwezi huu. Tafuta mtu wa Msumbiji hapo hapo Masasi au Mtwara akufundishe jioni mara mbili kwa wiki, usikilize habari zao kila asubuhi ukipika chai. Kwa gharama ya sehemu ndogo tu ya ile fedha ya awali ya chuo, baada ya miezi 18 utakuwa umejitenga na lundo la waombaji ambao wote wana Kiingereza na cheti.

La pili linalokupungukia, nadhani, ni kuandika. Umesema unaandika taarifa. Taarifa za miradi nazifahamu: idadi ya vikao, idadi ya washiriki, picha mbili, changamoto, mapendekezo. Mwenye kuamua hazisomi hizo. Anachosoma ni dokezo. Kurasa mbili, na sentensi ya kwanza inamwambia afanye nini. Walioingia serikalini wanakumbuka dokezo sabili, yaani dokezo la ndani ya ofisi, lao la kwanza lilivyorudi limechorwa kalamu kila mstari. Vyuo vizuri vya sera na usalama hukamua wanafunzi kwa zoezi hilo hilo wiki baada ya wiki, na unaweza kulianza nyumbani.

Chukua swali hili. Jeshi la SADC, SAMIM, liliingia Cabo Delgado Julai 2021 na likaondoka Julai 2024. Kwa mwanakijiji wa upande wetu wa mto, nini kilibadilika na kamati ya ulinzi ya wilaya ifanye nini? Usianze na historia ya ukoloni wala kuanguka kwa ukuta wa Berlin. Anza hivi, kwa mfano: "Inapendekezwa wilaya ikutane na wapiga mitumbwi na wavuvi wa vijiji vya mtoni kila mwezi, kwa kuwa wao ndio wa kwanza kuona mgeni, na sasa hawana wa kumwambia." Kisha sababu tatu au nne, kila moja na ushahidi wake. Kisha gharama. Kisha nini kitaharibika wakilifuata pendekezo lako, maana kila pendekezo lina hasara yake na asiyeitaja haaminiki. Kisha unyamaze.

Tumia vyanzo vilivyo wazi peke yake: matamko ya SADC, ripoti za Umoja wa Mataifa, takwimu za matukio ya vurugu ambazo shirika la ACLED hukusanya, magazeti ya pande zote mbili. Usiandike jina la mwanakijiji yeyote, wala jina la kijiji kama ni kidogo kiasi kwamba mtu atatambulika. Mambo ya doria na vikosi usiyaguse kabisa. Watu wale wamekuamini na wanaishi mpakani. Wewe ukikosea, wao ndio watakaogongewa mlango.

Andika madokezo matatu ya namna hiyo kabla ya Agosti. Nitaeleza kwa nini Agosti.

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hufungua maombi Agosti na kufunga Oktoba. Wanalipa ada, nauli na posho ya mwezi. Wanataka saa 2,800 za kazi, nawe umeshazipita mara kadhaa, na wanataka ukimaliza urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili, jambo ambalo kwako si adhabu. Na kwa kuwa ni fedha ya serikali, hata suala la mtoto linaulizika, ingawa gharama zake utazibeba mwenyewe. Waulize kwa maandishi. Maswali yao ya insha ni kuhusu uongozi, mahusiano na mpango wa kazi. Wengi huanguka kwa kuandika maneno makubwa. Wewe una shangazi, una mto, utakuwa na madokezo matatu. Rotary nao wana ufadhili wa amani, kwa uzamili katika vyuo kama Bradford na Uppsala, wanaotaka uzoefu wa miaka mitatu, na maombi hufungwa Mei. Wana pia kituo chao Makerere, Kampala, kwa walio kazini, na kwa mama mwenye mtoto mdogo Kampala si mbali kama Bradford.

Kuhusu nafasi uliyopata, andikia ofisi ya udahili ya chuo wewe mwenyewe, bila wakala, uombe iahirishwe hadi Septemba ya mwaka ujao. Ombi hilo ni la kawaida. Katika barua hiyo hiyo waulize wanafunzi wa Afrika waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi sasa, na mwanafunzi anakabidhi kitu gani kabla ya kuhitimu. Wakikujibu kwamba ni tasnifu ya maneno 15,000 tu, ujue hiyo ni programu ya kumwandaa mtafiti. Ni nzuri kwa anayekwenda uzamivu. Wewe tafuta inayokuweka kwenye mazoezi ya majadiliano, uchambuzi wa vikwazo, ramani, bajeti ya ulinzi, na madokezo. Ukiona jina la chuo ni kubwa lakini hakuna hayo, usibabaike na jina.

Wala usidhani elimu hii iko Ulaya peke yake. Kule Kurasini, Dar es Salaam, kuna Kituo cha Uhusiano wa Kimataifa cha Dkt. Salim Ahmed Salim, kinachotoa stashahada ya uzamili. Unajua kilianzishwaje? Kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, mwaka 1978. Hao ndio majirani wawili unaotaka kuwafanyia kazi. Chuo Kikuu cha Nairobi wanafundisha uzamili wa diplomasia na masomo ya kimataifa, na Addis Ababa wana taasisi ya amani na usalama iliyoanza 2007, jirani na makao makuu ya Umoja wa Afrika. Ningekuwa wewe ningeziweka zote mezani kabla ya kuchagua. Mimi nilisoma uzamili wangu nikiwa na miaka 41, mwajiri akilipa, na nilikwenda na maswali yaliyonikosesha usingizi kazini. Kila mhadhara nilijua unagusa faili gani. Vijana waliotoka moja kwa moja shahada ya kwanza walikuwa na akili kunizidi, ila walikuwa hawajui waulize nini.

Umeniuliza utawaambia nini watu. Waambie umeahirisha mwaka mmoja ili usomeshwe badala ya kujisomesha. Basi. Atakayecheka, acheke, siye atakayelipa mkopo wa mume wako.

Mama yako ndiye anayehitaji maneno marefu zaidi, kwa sababu amekubali haraka mno. Mama anayetoa shamba la wazee wake bila kusita, mara nyingi anaogopa kuonekana amemzuia mwanawe. Kaa naye. Mwambie unakwenda shule, ila shamba linabaki. Mwombe kaka yako awepo, na umshukuru mbele ya mama kwa kugoma. Alikuwa anakulinda kwa lugha yake. Mjomba naye apewe nafasi ya kulitangaza jambo hili yeye, ili neno alilompa mnunuzi lisimdhalilishe.

Kisha nenda shambani. Ni wakati wa salfa, dawa ya mikorosho, na vibarua wa kupulizia hawasubiri. Dokezo la kwanza ukilimaliza nitumie kwa anwani ya safu hii, kurasa mbili, si zaidi. Nitalisoma na kalamu nyekundu mkononi, na nitakurudishia.